Bondia wa Akiba

Mwezi ule nyumbani kwetu hakuna aliyekula kwa raha mbele ya ndugu yangu. Mama aliona haya kumpitishia sufuria ya nyama karibu, na mimi nilikula ugali wangu jikoni nikiwa nimesimama, haraka haraka, kama mtu aliyeuiba. Yeye alikuwa anakunywa chai ya rangi bila sukari, anakula yai moja na mboga, halafu anatoka kwenda kukimbia kwenye barabara ya Kiminini, amevaa sweta mbili na jua linawaka.

Alikuwa bondia wa uzito wa kilo hamsini na moja. Walipochagua timu ya kwenda Kampala kwenye mashindano ya kufuzu, alifika fainali pale Bungoma akapigwa kwa pointi na kijana wa huko huko. Waamuzi watatu walimpa yule kijana, wawili wakampa ndugu yangu. Nilikuwepo, nimembebea mfuko, kocha alipomweleza mambo yalivyo. Kila uzito unapeleka mtu mmoja tu, na nyuma yake panaandikwa jina la mtu wa akiba. Wa akiba haendi popote. Anakaa kwao, analinda kilo zake, anangoja. Wa kwanza akiumia au akishindwa kusafiri, nafasi inakuwa yake, mradi apande mizani asubuhi ya kupimwa na daktari amkubali. Mizani ikishafungwa, basi. Baada ya hapo hata wa kwanza akivunjika mkono hakuna wa kuitwa, nafasi inakufa.

"Kwa hivyo niombe avunjike mkono?" ndugu yangu akauliza.

Kocha akacheka. "Wewe omba uzito wako. Ya mkono mwachie Mungu."

Shida ni kwamba yule kijana wa Bungoma alikuwa rafiki yake. Walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu watu waliopita jandoni pamoja huitana bakoki mpaka uzeeni. Ulingoni walikuwa wanapigana hadi damu itoke puani, halafu jioni unawakuta wameketi ukutani wanagawana muwa.

Mama hakuwa na habari na ubakoki. Kila siku ya soko Kitale, akikutana na mtu aliyetoka Bungoma, alimuuliza hali ya yule kijana kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya. Hajambo kweli? Hana hata mafua? Ndugu yangu alipokasirika, mama alisema yeye hamtakii mtoto wa mtu mabaya, ni kahoma tu, ka siku tatu. Na kwenye maombi ya jioni akawa anamwomba Mungu afungue njia. Sote tulijua ni njia gani. Tuliitikia amina, isipokuwa ndugu yangu. Yeye aliangalia mikono yake.

Jumatatu ya wiki ya safari tukapata habari. Kijana alikuwa mzima. Baba yake ndiye aliyekufa. Alianguka kwenye shamba lake la miwa, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Mama aliketi kwenye kigoda, kijiko bado kiko mkononi. Alikaa hivyo mpaka mboga ikaungua. Halafu akasema polepole, wala si kwangu, "Si nilisema kitu kidogo tu."

Ndugu yangu alianza kufunga nguo siku hiyo hiyo. Mama alijaribu kumpa mayai ya kuchemsha ayabebe, ili akale yake huko na asiguse chakula cha watu, maana nani anajua, safari inaweza kumgeukia. Aliyarudisha mezani moja moja.

"Mama, mtu akienda matanga kwa rafiki yake akatae kula, watu watasema anangoja nini?"

Mimi nililifikiria sana swali hilo. Kwetu ukikataa chakula cha matanga ni kama umesema nyumba ya marehemu ina uchafu. Lakini kwa ndugu yangu ilikuwa zaidi ya hapo. Kila mtu Bungoma alijua yeye ndiye wa akiba. Angekaa pale na kikombe chake cha chai ya rangi, maiti iko ndani, kila jicho lingemwona anavyolinda kilo zake. Kwa hivyo alikula. Alikula ugali na maharagwe, akala nyama ya ng'ombe aliyechinjwa, akaongezewa, akala. Nafikiri alitaka bakoki wake amwone akila.

Na isitoshe, yule kijana alikuwa bado anakwenda. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na basi la timu lingepita Bungoma Jumamosi mchana kuelekea Malaba. Alikuwa amesema atamzika baba yake kisha apande basi.

Mimi na mama tulifika kwa mazishi, tukalala huko pamoja na akina mama wengine. Jumamosi asubuhi kocha alikuja kumchukua bondia wake. Hapo ndipo ndugu wa marehemu, mzee mwenye fimbo na koti zito, alipouliza anapelekwa wapi. Akaelezwa. Akasema kifungua mimba hatoki nje ya boma la baba yake, sembuse kuvuka mpaka, kabla hajanyolewa, na kunyoa ni kesho. Kocha alivua kofia akamsihi kwa heshima zote. Alisema jambo hili ni la nchi, na kijana ametoka jasho miaka.

"Ngumi iko kila mwaka," mzee akasema. "Baba anazikwa mara moja."

Hakuna aliyebishana tena. Yule kijana alikuwa amesimama kando, begi liko miguuni. Aliliangalia, akalisukuma kwa mguu mpaka kwa ndugu yangu.

"Bakoki, nenda wewe."

"Mimi nimekula," ndugu yangu akasema. "Nimekula kwenu tangu Jumatatu."

Jirani mmoja alikuwa na mizani ya kupimia mahindi, imetundikwa kwenye boriti ya ghala. Ndugu yangu aliishika ile ndoano kwa mikono miwili akaning'inia kama gunia, magoti ameyakunja. Akina mama waliokuwa wanachambua mchele wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Mmoja akauliza ati kilo moja anauza pesa ngapi. Mshale ulikuwa unakaribia hamsini na nne. Kocha alifunga macho.

Yule kijana hakuruhusiwa kutoka nje ya boma, lakini hakuna aliyemkataza kukimbia ndani yake. Walitoboa mifuko ya nailoni ya mbolea, wakaivaa kama shati, juu yake sweta, wakaanza kuzunguka. Walipita nyuma ya nyumba, wakashuka kando ya miwa, wakarudi kwa mbele ambapo kaburi lilikuwa na udongo mbichi, kisha tena nyuma ya nyumba. Mtu aliyemzika baba yake jana hakuwa na sababu ya kukimbia. Alisema tu mtu hawezi kutoka jasho peke yake, atachoka moyo.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya mazishi wakiwaangalia wakipita. Kila mara wakifika kaburini walipunguza mwendo, wakatembea hatua chache, halafu wakaongeza. Sijui nani aliyeanzisha hilo. Mwishoni hata watoto waliowafuata mbio nyuma walikuwa wanatembea hapo.

Mimi nilishika taulo. Saa sita hivi ndugu yangu alinijia, midomo imekauka na kuwa myeupe, akaniambia, dada, nipe maji kidogo ya kusukutua tu. Nilikuwa na kikombe. Yule kijana akatikisa kichwa.

"Usimpe. Atakunywa Kampala, akishapimwa."

Aliposhika tena ndoano ilikuwa karibu saa nane, na mshale ukasimama penye hamsini na moja kamili. Watu walipiga makofi matangani, kitu ambacho sijawahi kuona. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani. Yule kijana alimfuta uso, akamvika koti lake mwenyewe la timu, akamsindikiza mpaka ua unapoishia, akasimama hapo.

Ndugu yangu alirudi Kitale siku ya Jumanne. Alilala siku nzima, na jioni akatueleza, mimi na mama peke yetu. Mizani alipita. Halafu daktari wa mashindano akamwambia atoe ulimi. Akavuta ngozi ya mkono wake, na ngozi ikakaa juu, haikurudi. Akasikiliza moyo, akasikiliza tena. Akampa kikopo cha mkojo, na ndugu yangu akasimama chooni muda mrefu akatoka na matone meusi kama chai. Daktari akasema huyu hapigani, akipigwa hivi anaweza kufa. Kocha aliomba apewe hata saa mbili anywe maji, daktari akakataa. Na jina la wa kwanza lilishakatwa, mizani imefungwa, na wa akiba hana wa akiba wake. Siku ya pambano alikaa kwenye benchi amevaa koti la timu, akamwona yule ambaye angepigana naye anapanda ulingoni, anainuliwa mkono bila kurusha ngumi moja, kona ya pili iko tupu.

"Wangekuacha bila kukimbia..." mama akaanza.

"Ningezidi uzito. Ingekuwa ni hiyo hiyo. Lakini usimwambie mtu."

Siku chache baadaye, kabla ya Krismasi, mama alitutuma tupeleke debe la mahindi kwa wafiwa. Njiani sikumuuliza ndugu yangu atasema nini. Mimi ni mtu wa kuogopa kuuliza. Nilidhani atasema ukweli, kwa sababu hajawahi kumficha bakoki wake kitu.

Yule kijana alitoka ndani mbio, kichwa kimenyolewa kinang'aa, hata hakupokea debe.

"Bana, tuambie. Ilikuwaje?"

Ndugu yangu alitua debe chini. Aliangalia upande wa miwa, ambapo nyasi zilikuwa bado zimelala pale walipopita.

"Nilishindwa kwa pointi," akasema.

"Pointi tu? Hukuangushwa?"

"Sikuangushwa."

Hapo maswali yakaja. Mpinzani alikuwa mrefu ama mfupi, alikuwa wa kushoto, raundi gani ilikuwa ngumu. Ndugu yangu alijibu yote. "Alikuwa mrefu. Raundi ya kwanza alisumbua, ya pili nikampata na kushoto, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba."

"Na pumzi?"

"Pumzi ilikuwepo mpaka mwisho."

"Ni zile mbio," yule kijana akasema, anatabasamu.

"Ni zile mbio," ndugu yangu akasema.

Halafu yule kijana akanigeukia mimi. Akauliza kama nilisikia kwa redio. Nikasema betri zetu zilikuwa zimekwisha, na hilo lilikuwa kweli.

Akamwita mama yake atoke aje asikie. Mama yule alitoka na kitambaa chake cha mfiwa, akaketi kwenye ngazi. Mwanawe akasimama uani akaanza kumwonyesha ile kushoto iliyompeleka mtu kwenye kamba, mara ya kwanza, mara ya pili, na mama akawa anatikisa kichwa akisema mzee angefurahi sana. Ndugu yangu aliangalia kidogo. Kisha akasogea, akamshika rafiki yake bega, akamrekebisha: mguu wa mbele haukuwa hapo, ulikuwa hapa.