Hema la Kulala kwa Mama

Juzi, katika duka moja hapa Bukoba, mume na mke walikuwa wakichagua hema. Likizo hii wanataka kulala na watoto ufukweni mwa ziwa kule Muleba. Mume akampigia simu mama yake, anayeishi karibu na ufukwe huohuo, ampe habari njema. Sauti ya mama ikasikika duka zima.

"Mlale kwenye turubai na vitanda vyangu vipo? Majirani watasema nimewafukuza!"

Mume akakuna kichogo. Mke akaanza kulikunja hema taratibu.

Mama akashusha sauti. "Linalaza wangapi?"

"Sita, mama."

"Basi lileteni. Mtalipiga hapa kwangu, kwenye migomba. Nami nitalala humo."

Wakalinunua. Msomaji wangu, ukitaka kupiga kambi kweli, tafuta ziwa lisiloonekana kutoka kwa mama.