Kisima cha Mume wa Shangazi

Kiangazi kile pampu yetu ilianza kukohoa. Maji yalikuwa yakitoka vizuri, kisha yanakatika, bomba linatoa hewa tupu, halafu yanarudi yakiwa na mchanga mwembamba. Nilizima pampu nikasimama pale nikiwa na mkono kwenye swichi.

Nilikuwa msimamizi wa mradi wa maji wa vijiji vyetu vya Izigo. Kisima kirefu kimoja, tangi moja juu kilimani, na mabomba ya kuchotea yaliyotawanyika hadi kwenye vibanja vya mbali. Mradi ulipoanza, kando ya barabara iendayo Kemondo ilikuwa migomba mitupu. Sasa kuna nyumba za kupangisha, mabanda ya ng'ombe wa maziwa, vibarua wanaofyatua matofali, na watu wenye uwezo wamechimba visima vyao wenyewe.

Mama yangu, anayekaa Buhembe, nilipomweleza kwa simu alicheka. "Ziwa lote hilo, nanyi mnalilia maji?"

Kweli ziwa tunaliona kutoka hapa. Lakini liko chini sana, na kulipandisha huku juu kunataka mitambo ambayo hatuna. Sisi tunakunywa kilichomo ndani ya kilima.

Nilichukua utepe wa kupimia, ule wenye ncha ya chuma inayolia ikigusa maji, nikaushusha kisimani. Ukashuka, ukashuka. Ulipita pale ulipolia masika, ukapita pale nilipotarajia uniokoe, na bado kimya. Ulipolia hatimaye, maji yalikuwa yamebaki kidogo tu juu ya pampu. Ningeiacha iendelee kuvuta, ingeungua.

Kuanzia siku hiyo nilifungulia maji asubuhi tu. Kipaimara kilikuwa kinakaribia, watu wanatarajia wageni, na kila niliyekutana naye njiani alikuwa na neno. Mwanamke mmoja jirani, ambaye huwa tunakaa naye benchi moja kanisani, alinishika mkono mlangoni. "Waitu, ndugu yangu, mgeni akija nimnawishe kwa nini? Kwa mate?" Nilijaribu kucheka. Kila bomba la jirani lililofunguliwa nililisikia kama linafunguliwa ndani ya kifua changu.

Nikaanza kutafuta wa kulaumiwa, na sikuhitaji kutafuta mbali. Juu kidogo ya kisima chetu, mume wa shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa amechimba kisima chake. Alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, na pampu yake ilinguruma tangu asubuhi. Fundi wetu alishasema, bila kumtaja, kwamba mtu akivuta maji pale juu, sisi wa chini lazima tuumie. Ilinikaa kichwani. Niliogopa kumwendea, maana ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baba alipofariki. Lakini niliogopa zaidi pampu yetu isije ikaungua.

Nilimkuta kwenye kitalu, amevaa buti za mpira, anamwagilia.

"Shikamoo, tata," nilimsalimu, nikimwita baba kwa Kihaya kama kawaida.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sura ya msiba. Nani amefariki?"

Nikamweleza. Nilimwomba azime pampu yake kwa juma moja, nione kama maji yetu yatapanda. Alinisikiliza akiwa bado ameshika mpira wa maji, na maji yakawa yanamwagika miguuni mwake bila yeye kuona.

"Na miche hii?"

"Najua, tata."

"Hujui. Hii ni pensheni yangu. Kwa hiyo watu wanasema mimi ndiye ninayewaibia?"

"Hakuna anayesema. Nauliza mimi."

Shangazi alikuwa ametoka jikoni, amesimama nyuma yetu anafuta mikono kwenye kanga. Alimwambia mumewe kwa Kihaya, polepole, kwamba asimwache mtoto wa kaka yake aende na jibu baya. Mumewe akafunga koki, akaenda kuzima pampu. Hakuniaga.

Juma lile nilishusha utepe kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu. Nilikuwa nikiomba kabisa, nimeinama juu ya kisima, kwamba ulie mapema. Haukulia mapema. Maji yalikaa palepale, na mwisho wa juma yalikuwa yameshuka kidogo tena. Kule kitaluni shangazi alikuwa akibeba ndoo kutoka kijito cha bondeni, lakini miche ya pembeni ilikauka yote.

Nilienda mwenyewe kumwambia. Alikuwa amekaa kibarazani.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, tata. Samahani."

Nilidhani atafurahi, au atanifokea. Alitazama chini, kule mabati mapya yanakong'aa kando ya barabara. "Basi ni nani?"

Swali hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Angekuwa yeye, tungefunga koki moja mambo yakaisha. Sasa hapakuwa na wa kufunga. Tulikuwa sote, kila nyumba na kila ndoo, pamoja na mvua iliyochelewa. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na shangazi akaniletea chai ya rangi akaniambia ninywe kwanza.

Siku chache baadaye niliitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi. Nilisema wazi kwamba maji yatakuwa kwa zamu, vijiji vya juu siku moja, vya chini siku nyingine, na kwamba hata mvua ikinyesha zamu haitaondoka mara moja. Nikaomba pia wenye visima vyao waturuhusu tuvipime. Walipiga kelele. Mmoja mwenye nyumba za kupangisha alisema kisima chake ni mali yake, hakuna wa kumpimia. Mume wa shangazi aliinuka nyuma. Alisema kisima chake kipimwe kila nikipima cha mradi, na mwenye kuona aibu apimiwe gizani. Watu wakacheka, na baadhi yao wakakubali visima vyao vipimwe. Yule mwenye nyumba za kupangisha alitoka nje.

Mvua zilikuja. Maji yalipanda, lakini hayakufika pale yalipokuwa masika yaliyopita. Zamu bado ipo, na malalamiko yapo. Shangazi alipanda miche mingine, michache kuliko ya kwanza. Mumewe nami tunasalimiana vizuri, ingawa ilichukua muda kabla hajaniita tena mwanangu. Pampu haijaungua. Nikiiwasha asubuhi, bado nasimama pale hadi nisikie maji yanatoka bila kukatika, ndipo naenda kwenye kazi nyingine.