Taratibu, Kwenye Kona ya Kigombe

Mwanangu, leo asubuhi nimekuona ukikaza nati za magurudumu, ukazilegeza, kisha ukazikaza upya. Nilirudi ndani nikacheka peke yangu, maana mikono ile naijua, ni yangu. Hebu kaa hapa kwanza. Mashindano ni kesho, na gari halitaondoka bila wewe.

Haijanitoka akilini siku nilipoendesha mashindano yangu ya kwanza, Tanga mjini mpaka Pangani, miaka ile ya hamsini, barabara vumbi tupu na mkonge huku na huku. Kwetu Chumbageni watu hawakula chakula bila kuzungumza mashindano. Babu alishindana kwa baiskeli. Baba alianza na pikipiki, halafu akaingia kwenye gari alilolifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu. Kaka yangu Kassimu ndiye aliyetazamiwa kumrithi, ila alivunjika mguu. Usidhani ni kwenye gari, alianguka kwenye mnazi. Na macho ya baba yakawa yameanza kuingia ukungu. Basi akasema mbele ya nyumba nzima, "Mwaka huu anaendesha huyu mdogo, mimi nakaa pembeni yake. Akishindwa, gari nalifunika turubai, mambo ya mashindano yaishe kwetu."

Huyo mdogo ni mimi. Na nikwambie ukweli, hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama miguu ya baba, nikifika nyumbani nakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nimeshika sinia kama usukani, nakata kona. Shangazi Mwanaisha, dada yake baba aliyeolewa Mwera, alinikuta hivyo siku moja akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Tangu hapo nikaitwa Dereva wa Sinia.

Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba mimi ndiye nitakayeliweka gari lile chini ya turubai. Asubuhi ya mashindano nilisafisha plagi zilizokuwa safi. Nilifuta kioo hadi baba akaniuliza kama nataka kukitoboa.

Tukaondoka vizuri. Kona ya kwanza tu, baba akasema, "Taratibu." Nikakanyaga breki. Gari la nyuma likatupita. Kona ya pili, "Taratibu." Nikapunguza tena, la pili likapita na vumbi lake lote likaingia kinywani mwangu. Kila kona neno lilikuwa lile lile, nami kila nikilisikia nasikia jingine: huwezi, huwezi, huwezi. Tulipoikaribia kona kubwa ya Kigombe machozi yalikuwa yananilenga.

"Baba," nikasema, "kama huniamini, shika usukani wewe!"

"Simama."

Nikasimama kando ya barabara, katikati ya mashindano, mwanangu, magari yanapita puu, puu. Baba akanigeukia. Nilitegemea kofi.

"Mimi nimekwambia upunguze?"

"Si unasema taratibu?"

"Ndiyo, taratibu! Taratibu za kuendesha! Breki, gia, usukani, mafuta. Kila kitu kwa zamu yake. Wewe unavikamata vyote kwa pamoja kama mtu anayefukuza kuku." Akavuta pumzi. "Nakupangia, sikuzuii. Ningekuwa sikuamini ningepanda gari lako na macho haya?"

Nikauliza, "Kaka naye ulikuwa ukimwambia hivyo?"

"Kassimu? Yule nilimpigia kelele mpaka sauti ikakauka. Hakusikia, ndiyo maana hata mnazi ulimtupa."

Tukacheka sote wawili, magari yakipita. Nikawasha gari tukaingia kona ya Kigombe. Breki. Gia. Usukani. Mafuta. Gari likazunguka kama limeomba lenyewe.

Hatukushinda. Tulifika Pangani nyuma ya wengi, na shangazi alikuwa amevuka mto na pantoni kutoka kwake Mwera kuja kututazama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Dereva wa Sinia. Mbona mmechelewa, mlisimama Kigombe kununua samaki?"

"Tulisimama kuzungumza," baba akajibu, kisha akapanda tena kiti cha pembeni, hakugusa usukani. "Nirudishe nyumbani, dereva."

Njiani nikamwona ameegemea mlango, kofia imeshuka usoni, amelala. Baba yangu, ambaye katika gari la mtu mwingine hakuwahi kufumba hata jicho moja. Tulipofika kona ya Kigombe nikasema mwenyewe, kwa sauti ndogo nisimwamshe: taratibu.

Baada ya hapo nimeshindana Korogwe, Moshi, hata Mombasa. Nimeshinda na nimeshindwa. Hofu haikuniacha, hupanda nami mpaka leo, ila nimeizoesha kukaa kiti cha nyuma.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Anayekupenda akikuambia neno, muulize anamaanisha nini kabla hujalitafsiri kwa hofu yako. Usitake kukamilisha yote kwa mara moja. Shika lililo mbele yako, likiisha shika linalofuata. Na nati ulizokwisha kuzikaza, ziache.

Mungu akufungulie kila kona, akufikishe salama na akurudishe kwetu salama. Kesho nitakaa pembeni yako. Ukiniona nimesinzia, ujue nimekwisha kukupa ile zawadi niliyopewa na baba.