Bega la Mwoka Mikate

Kwa miaka kumi na tisa, fundi makochi ambaye wenzake walimwita Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti kufuta mikeka. Ukumbi wao wa aikido, mchezo wa Kijapani wa kujihami kwa kutupana mikekani, ulikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nao. Kila mara kabla ya mazoezi, mwanafunzi wa miaka mingi kuliko wote huanza kusukuma kitambaa chenye maji, na aliyejiunga jana humalizia. Mwalimu mzee, mfamasia mstaafu, alikuwa akisema kwamba mwenye mkanda mweusi asiyejua kupiga deki amejifunza kuangusha watu tu.

Desturi nyingine haikuandikwa popote. Anayekupa mkono umtupe, amekukabidhi mwili wake, nawe umrudishe mzima.

Magoti ya mzee yalipokataa, ukumbi akamwachia mkwewe. Huyo alikuwa hodari, hilo hakuna aliyelibishia, ila alipenda kutazamwa. Mwezi wa kwanza tu alitangaza kwamba mikanda myeusi haifuti mikeka. Dada Mkubwa aliendelea kufuta, na dharau hiyo akaimeza.

Lililomkwama kooni lilitokea mchana wa maonyesho, wazazi wamejaa kwenye viti vya kukodi, kamera zimeinuliwa. Mkwe alimwita mbele mwanafunzi mmoja, mwoka mikate. Mtu wa miaka sitini na mitatu, mcheshi. Alipenda kusema kwamba alijiunga baada ya kugombana na unga miaka arobaini bila kuuangusha hata mara moja. Ukumbi mzima ulijua kuwa bega lake la kulia ni bovu, na upande huo hutupwa polepole. Mkwe akaushika mkono ule ule, akauzungusha, akamtupa kwa kasi ya kutafuta makofi. Makofi yakapigwa. Dada Mkubwa, aliyekaa hatua tatu tu kando, alilisikia bega likitoka mahali pake.

"Ameanguka vibaya," mkwe aliwaambia wageni, bado anatabasamu. "Ndiyo maana tunafanya mazoezi."

Wanafunzi ishirini walinyamaza. Dada Mkubwa naye alinyamaza, na hilo ndilo lililomtafuna usiku kucha kuliko hata lile tabasamu.

Kesho yake karakanani alipiga misumari kwenye kochi la mteja mpaka kitambaa kikachanika. Mumewe akamkumbusha kwamba hasira ni hasara.

"Hasara ameshaipata mwenzangu," alimjibu. "Mimi nimebaki na hasira tu, usininyang'anye."

Akaenda kwa mwalimu mzee. Mzee alimmiminia chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema yule ni mume wa binti yake. Akimvua nguo mbele za watu atakuwa amemvua na mwanawe.

"Na mwoka mikate ni mtoto wa nani?" aliuliza Dada Mkubwa.

Mzee akamsogezea sukari. Chai ya mgeni ilipoa bila kuguswa.

Siku ya mazoezi ilipofika, mkwe alimwita yeye. Anayeitwa huinuka papo hapo. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Dada Mkubwa hakuinuka. Akaitwa tena.

"Mkono wangu sikupi," alisema. "Ulipewa bega la mtu mzima, ukaling'oa, kisha ukamtupia yeye lawama. Sema ukweli kwanza."

Mkwe alisema kwamba juu ya mikeka mwalimu habishiwi. Akamwita mwanafunzi mwingine, muuguzi; muuguzi akainamisha kichwa, akabaki alipo. Akamwita wa tatu, fundi simu. Huyo aliinuka, akatoa mkono, akatupwa taratibu, akalazwa chini kama yai.

"Kumbe unaweza," Dada Mkubwa alisema, akisimama. "Siku ile pia uliweza."

Akainamia mikeka kwa heshima, yule mtu hakumwinamia, akashuka ngazi. Muuguzi akamfuata, na wengine sita nyuma yake. Wiki mbili baadaye mkwe alikuwa akifundisha watu watano. Habari zilimfikia mzee, na aibu ikamfanyia kazi ambayo chai haikuifanya.

Mzee na mkwewe walimkuta Dada Mkubwa kwenye duka la mikate, anabeba trei, maana mwoka mikate alikuwa amefungwa mkono kifuani. Mzee alisimama mlangoni akihema, akamsukuma mkwewe mbele kwa kiwiko.

"Hukuanguka vibaya," mkwe alimwambia mwoka mikate, macho sakafuni. "Nilikutupa kwa nguvu ili watu waone. Nisamehe, mzee wangu."

Mwoka mikate akasema yameisha, akawatafutia viti. Dada Mkubwa alikasirika upya: msamaha wa bei rahisi hivyo! Lakini bega halikuwa lake, akaendelea kupanga trei. Mwalimu mzee alipomwomba arudi ukumbini, alisema atarudi kwa ajili ya wenzake.

Alirudi kweli. Hufanya mazoezi na muuguzi, hufundisha wageni kuanguka. Mkwe alimnyooshea mkono mara moja, Dada Mkubwa akamwambia bado, naye hajathubutu kurudia. Mwoka mikate hakupanda tena zile ngazi. Mkono wake hauvuki usawa wa kidevu, na unga wake sasa hukandwa na binti yake.