Radhi ya Kupanda Barafuni

Sikudhani wa Mtawanya, huko Kibiti, ana mtoto aliye mbali, na umbali wenyewe si wa Dar es Salaam. Sufiani yuko visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa mwa dunia, ambako majira ya joto jua halizami na yeye husali Magharibi kwa kufuata saa ya Kibiti. Alikwenda kusoma, akabaki kazini. Kazi yake ni kuchunga barafu.

Majirani waliposikia hivyo walishika mbavu. Mwajabu, ambaye nyumba yake na ya Sikudhani zinapakana, ana friji la kugandishia barafu za ukwaju za watoto wa shule. Alisema kama ni kuchunga barafu hata yeye anachunga, tena umeme ukikatika ndiyo anachunga kwelikweli. Sikudhani alicheka nao, lakini moyo haukutulia. Ni mtu ambaye mwanawe akichelewa dukani, yeye keshasimama barabarani.

Kidogo kidogo alielewa. Huko kuna barafu iliyojaa bonde zima, pana kama mto Rufiji uliofurika, nayo huteremka kuelekea baharini. Mito mingi ya barafu huenda polepole, mwendo ule ule kila mwaka. Michache ina tabia yake. Hukaa miaka na miaka kama imelala, barafu ikirundikana sehemu za juu, kisha ghafla inakimbia, na kwa siku moja huenda mwendo iliokuwa ikiumaliza kwa mwaka. Ikichoka, hulala tena. Sufiani na wenzake huitazama kwa picha za setilaiti na kusimika vipimo juu yake, wapate kujua kinachoiamsha.

"Ni maji, mama," alimwambia. "Yanapenya kwenye nyufa mpaka chini. Yakikosa pa kutokea yanaiinua, inateleza. Si unajua mtumbwi kwenye tope? Tope likikauka hausogei. Likilowa, hata mtoto anausukuma. Lakini kwa nini mwaka huu na si mwaka jana, hapo ndipo bado tunahangaika."

Sikudhani alizaliwa delta ya Rufiji, tope analijua. Aliuliza tu kama na yeye husimama juu ya mtumbwi huo. Sufiani akaulizia mikorosho.

Agosti ukaja ujumbe. Barafu imeamka, nyufa zinafunguka. Vipimo vitatu viko katikati yake, na mtambo wa kutuma habari umeharibika, kwa hiyo yote viliyoyapima tangu kabla haijaanza kukimbia yamo ndani yake. Vikimezwa, itabidi kungoja ilale na kuamka tena, na pengine Sufiani atakuwa mzee. Watu wawili watashushwa kwa helikopta wakavitoe, na yeye ni mmoja wao. Kesho atapiga simu kuomba radhi.

Kwao delta mtu hatoki kwenda mahali pa hatari bila radhi ya mama. Baba naye huombwa, na mumewe Mohamedi alikwisha kukubali kwa neno moja kutoka dago, kambi ya wavuvi anakokaa msimu huu. Lakini ya mama ndiyo inayokupeleka na kukurudisha. Sikudhani akaona njia. Alizima simu, akaifukia kwenye ndoo ya mchele, akaenda kupalilia mikorosho. Kwa hesabu yake, hakuwa amemnyima mtoto kitu, na mtoto hangeweza kuondoka.

Jua lilipokuwa juu, Mwajabu akatokea kati ya mikorosho ameshika simu yake mwenyewe.

"Mama Sufiani, mwanao anadhani umekufa. Hebu sema naye kabla hajatutumia rambirambi."

Sufiani alisalimu, akaomba radhi. Helikopta ilikuwa tayari.

"Sikupi," alisema Sikudhani.

"Basi, mama. Siendi."

Hakubisha. Mwajabu akageukia maua ya mkorosho kana kwamba hajawahi kuyaona. Sikudhani alitaka kufurahi, lakini akajikuta anauliza nani atakwenda badala yake. Akaambiwa Ingrid atakwenda na mtu wa ofisini. Sikudhani alimjua Ingrid kwenye picha za kazini kwa mwanawe, na siku moja msichana huyo alimwamkia shikamoo kwenye video huku akicheka.

"Huyo wa ofisini amemzoea?"

"Hapana. Kamba ya Ingrid huwa naishika mimi, na yangu anaishika yeye."

"Na mama yake Ingrid kampa radhi?"

"Kwao hawaombi, mama. Hajui hata kama anakwenda."

Sikudhani akakaa chini. Alimfikiria mwanamke huyo asiyemjua, yuko na shughuli zake, hana habari kwamba mwanawe anashuka juu ya barafu inayokimbia na mtu asiyemzoea. Akauliza kama helikopta itawangoja. Itawangoja, injini haizimwi. Akauliza kama atakiacha chombo pale kikigoma kutoka. Sufiani akaapa kwamba atakiacha.

"Radhi yangu unayo," alisema. "Nenda kashike kamba ya mwenzio."

Mwajabu alimwachia simu, naye akabaki pale. Sikudhani akarudi kwenye jembe, akalipalilia shina lile lile mpaka Mwajabu akamwambia sasa anaung'oa mkorosho. Simu ikalia. Alikuwa mtu anayetaka barafu za ukwaju za shughuli ya harusi. Sikudhani alimjibu vibaya, ingawa mteja alikuwa wa Mwajabu.

Ilipolia tena, adhana ya Alasiri ilikwisha kupita.

"Tumerudi, mama. Nimesimama juu ya mawe."

Vipimo viwili walivipata. Cha tatu walikuta shimo tu. Sikudhani akauliza kama hivyo viwili vitasema maji yalianzia wapi. Sufiani akasema hawatajua mpaka wavifungue.

"Na Ingrid?"

"Yuko hapa, anafungua mkanda."

"Mwambie ampigie mama yake," alisema Sikudhani. "Sasa hivi, kabla hajavua viatu."