Sauti Inayoanzia Munigi

Nitaanza na kosa lenyewe, maana nikianza na kitu kingine nitazungukazunguka mpaka nichoke bila kulifikia. Nilinakili faili namba moja badala ya faili namba saba. Ndilo kosa lote. Lilichukua muda wa kupepesa macho, na tangu siku hiyo mtu akisimama ghafla mbele ya kibanda changu, naacha nilichoshika.

Kibanda kiko Majengo, mtaa wa Goma. Ni cha mbao, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hakuna aliyefaulu kuyasawazisha, kwa hiyo mguu mmoja wa meza yangu umewekewa kipande cha tofali. Nachaji simu za watu na kuwajazia nyimbo kwenye kadi za memori. Mteja anasema anachotaka: kwaya, rumba ya zamani, nyimbo za vijana wa Kinshasa, mahubiri, au zile filamu za ngumi zilizotafsiriwa na mtu mmoja anayeigiza sauti zote, hata ya bibi harusi na ya mbwa. Mimi natafuta, napanga, nanakili. Nikikuta wimbo wa baa umeifuata kwaya moja kwa moja, siwezi kula mpaka nivitenganishe. Hakuna anayenidai usafi huo. Ni ugonjwa wangu.

Kwa muda mrefu kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mwishoni mwa kila kadi, baada ya wimbo wa mwisho, niliweka sauti yangu mwenyewe, dakika nne hivi, nikitoa maoni. Hakuna aliyeniomba. Shule niliiachia njiani, Kifaransa nilikiokota redioni, na Kiswahili hiki ninachoandika nilijifunza kwenye kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Nyumbani tunasema kingine. Nadhani nilitaka kuthibitisha kwamba mtu aliyejifundisha peke yake anaweza kufikiri sentensi nzima hadi nukta.

Nilizungumzia dunia. Nilisema kwamba kila mji wetu unapotajwa kwenye redio za nje, nchi kubwa zinaelezea wasiwasi wao. Hata mimi ni mtu wa wasiwasi, nikasema, tangu utotoni narudi mara tatu kuangalia kama nimefunga kufuli, lakini wasiwasi wangu haujawahi kusomwa kwenye taarifa ya habari, na kufuli walau huwa naifunga. Nilisema kwamba mikataba ya amani yetu husainiwa kwenye vyumba vya mazulia, na kwamba ukitazama video vizuri utaona chupa za maji mezani zimejaa hadi mwisho wa sherehe. Hakuna aliyepata kiu. Huku sisi tunapanda na madumu kutoka ziwani.

Nilisema pia juu ya wanamuziki wanaotaja majina ya matajiri katikati ya wimbo ili matajiri wafurahi na kutoa chochote. Niliichukia sana tabia hiyo. Kisha mji ukapata watu wengine wa kuuamrisha, nikaona jinsi watu walivyoanza kuficha majina yao wenyewe, kufuta majina kwenye simu, kuitana "weye" na "yule". Siku hizi nikisikia mwimbaji akitaja jina kwa sauti kubwa, tena mara mbili, namwonea wivu yule tajiri. Humu ndani sitamtaja mtu yeyote.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa papa mmoja, mzee wa chukudu, anayeishi Kibati, juu ya mji kuelekea volkano. Chukudu ni lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, halina pedeli wala injini. Unapanda nalo ukilisukuma, unateremka nalo umepiga goti moja juu yake. Siku tatu kwa wiki aliteremsha magunia ya makala, yaani mkaa, mjini, akaniachia simu yake nichaji, kisha jioni akapanda na chukudu tupu. Simu ikichelewa kujaa, aliniachia mpaka safari ijayo. Shingoni alivaa redio ndogo inayokula kadi ya memori. Redio ile haina kioo cha kuonyesha lolote. Ukiiwasha inaanza na wimbo wa kwanza, inafuata mpangilio niliounakili mimi, na ikimaliza inarudi mwanzo.

Siku moja alinishukuru.

"Dada, ile sauti yako inanisaidia. Ikianza tu, najua niko nafika Munigi. Muguu inajitayarisha kwa freni."

Mtu mwingine angecheka na kusahau. Mimi nilimhoji. Anaondoka saa ngapi, akiwa na magunia mangapi, anasimama wapi kufunga kamba upya. Nikatoa wimbo mmoja, nikaongeza mfupi mahali pake, mpaka sauti yangu ikawa inaanza palepale Munigi, mteremko wa Kibati unapoishia. Nilijivunia kazi hiyo kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote, na fahari hiyo sasa naionea haya.

Maana Munigi kuna kizuizi. Sitasema ni cha nani; mtu wa Goma anajua, na asiye wa Goma haitamsaidia. Kamba inavuka barabara, wanaume wenye silaha wanapekua magari, wanaomba simu na kuzisoma. Watu wa chukudu mara nyingi walipungiwa tu fimbo wapite.

Wiki ile nilitaka kuzungumzia salongo, usafi wa lazima wa kila Jumamosi asubuhi. Mara ya kwanza nilirekodi nikiwa na hasira. Jirani yetu mmoja, fundi wa kuta, alikuwa na homa, hakutoka kufagia, wakaja kumchukua akiwa na blanketi mabegani. Nikasema hivyo. Nikataja barabara. Nikataja rangi ya lango alimoonekana akiingizwa. Nikasema wanaopenda usafi waanze kwa kufungua lango lile tuone ndani kumefagiliwaje.

Nilipojisikiliza niliogopa. Nikarekodi tena, na tena. Ya saba ilikuwa ya kuchekesha kidogo: jinsi tunavyofagia vumbi jeusi juu ya mawe meusi, na anayekagua haoni tofauti. Hiyo ndiyo iliyopaswa kutoka. Lakini ile ya kwanza sikuifuta. Huwa sifuti kitu, napenda kulinganisha. Na niseme ukweli wote: ilikuwa nzuri kuliko zote, ingawa nilishikwa na kigugumizi mara mbili.

Jumanne umeme ulikatika, mashine ya kunakilia ikazimika na kuwaka upya, orodha ya faili ikajipanga kinyume. Papa wa chukudu alikuwa na haraka kwa sababu mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani. Nikachukua faili ya juu, kama kawaida yangu.

Niligundua Jumatano asubuhi, siku yake nyingine ya kuteremka, nilipofungua mashine. Nilimpigia simu mara moja. Simu yake ikaita mezani pangu, kati ya simu nyingine zilizokuwa zinachaji.

Nilimwomba mama anayeuza sambaza, visamaki vya ziwani, kando yangu aniangalizie kibanda. Akaniuliza naenda wapi na uso wa mtu aliyefiwa. Nikamwambia namfuata mteja Munigi.

"Muteja hafuatwake, mutoto wangu. Muteja anakuyaka mwenyewe."

Mwenye pikipiki aliyenipeleka alikuwa msemaji. Njia nzima alinieleza habari za mpira, kisha za rais mmoja wa ng'ambo ambaye, kwa alivyosikia, atanunua madini yetu yote ili vita viishe. Alisema kama ni hivyo, amnunulie na pikipiki yake, inatoa moshi. Kwa siku nyingine ningebishana naye hadi mwisho wa safari. Nina maoni kuhusu kila rais wa ng'ambo. Siku hiyo nilikuwa nahesabu nyimbo.

Nilishuka kabla ya kizuizi. Walikuwa wanaume watatu. Mmoja alikaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vyake safi kabisa, jambo ambalo kwenye vumbi la Munigi unaliona kutoka mbali. Nilinunua yai la kuchemsha ili niwe na sababu ya kusimama. Volkano ilikuwa wazi asubuhi hiyo, moshi wake umenyooka kama umevutwa na uzi.

Redio niliisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Ilikuwa kwaya ya wanawake, wimbo wa pili kutoka mwisho. Halafu ikaanza rumba, ya mwisho, ambayo gitaa lake nalijua hadi kila kidole kinapokosea. Papa akatokea kwenye mteremko, goti juu ya chukudu, magunia mawili mgongoni pa gari. Kulikuwa na lori linapekuliwa, kamba imekazwa. Akafunga breki kwa mguu, akasimama nyuma ya lori, hatua chache kutoka kwenye kiti cha plastiki. Redio inaimba kifuani pake.

Hapa ndipo ninapotaka kudanganya, na sitadanganya. Sikupiga hatua hata moja. Nilijiambia kwamba nikimwita nitakuwa kama nimemwonyesha kidole mbele yao. Lakini sababu ya kweli ilikuwa nyingine: niliogopa kufungua mdomo. Niliwaza kwamba sauti yangu ikitoka redioni nao wameshanisikia nikiongea, watalinganisha. Muuza mayai aliniuliza kama nataka chumvi, nikatikisa kichwa.

Gitaa likapungua. Likaisha. Lori likanguruma mahali pamoja.

Halafu ukaanza wimbo wa kwanza.

Sikuelewa. Kamba ikashushwa, lori likapita, papa akapungiwa fimbo, akapita. Aliponiona alifurahi kama mtoto aliyepokelewa mlangoni pa shule. Akaniuliza kama nimekuja kumlaki. Nilitembea kando yake mpaka kizuizi kikafichwa na nyumba, ndipo nikamwambia azime redio.

"Leo haukusema," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Nilikaribia kuingia ndani ya lori."

Nikamuuliza nani mwingine ameishika redio. Akanieleza bila wasiwasi wowote. Jana, akipanda, yule wa kiti cha plastiki alimwita, akasema muziki wake ni mzuri. Akaitoa kadi, akaiingiza kwenye simu yake, akaweka waya sikioni. Alisikiliza muda mrefu. Mvua ikaanza, wengine wakakimbilia chini ya mabati, yeye akabaki anasikiliza. Kisha akairudisha kadi kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Alisema nini?"

"Alisema nyimbo ziko zinapangwa muzuri. Akauliza nani anazipangaka."

"Na weye?"

Akajifuta jasho kwa mkono wenye makala, ikabaki alama usoni.

"Nilimuambia ni dada moja wa Majengo, pale pa kuchaji. Nilifikiri niko nakuletea muteja."

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Alikuwa amenifanyia wema.

Kibandani niliiingiza kadi kwenye mashine. Nyimbo zote zilikuwepo, kwa mpangilio wangu, hata moja haikuguswa. Faili ya mwisho tu, ile ya sauti yangu, ndiyo haikuwepo. Mtu akikusikia vibaya unaweza kumweleza. Huyu alinisikia vizuri, akanifuta, na bila shaka akabaki nami kwenye simu yake. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Nilifuta rekodi zote siku ileile, ya kwanza hadi ya saba, na maoni ya miezi yote. Tangu hapo nahudumia watu kwa ishara za kichwa na vidole. Mama wa sambaza anafikiri nimeokoka au nina mimba. Mgeni akileta kadi, natazama viatu kwanza. Dunia inaendelea kuelezea wasiwasi. Wanamuziki wanaendelea kutaja majina. Fundi wa kuta hajarudi, na Jumamosi mke wake hufagia sehemu mbili, ya kwake na ya mumewe, ili kisije kikasemwa kitu.

Yule wa kiti hajaja. Hilo ndilo linalonimaliza. Angekuja ningejua.

Papa wa chukudu ndiye aliyenirudisha kwenye kusema. Wiki iliyopita alikuja akichechemea. Alisema bila ile sauti anafika Munigi kabla hajajitayarisha, na kamba sasa wameivuta juu zaidi mteremkoni. Juzi aliiona imeshakaribia shingo, akajitupa pembeni, makala yakamwagika. Akaniomba niweke kitu pale mwisho, kianze mapema kidogo. Nikaweka honi ya gari. Akarudi, akasema honi ziko nyingi barabarani, hakuitofautisha. Nikaweka kengele ya kanisa, akasema ilimfanya awaze misa.

"Sema tu, dada. Hata neno mbili."

Niliwaza kumwomba mama wa sambaza, ambaye sauti yake yule wa kiti haijui, aseme badala yangu. Nililiwaza hilo kwa dakika nzima, na naliandika hapa ili nisije nikajisahaulisha. Kisha nikafunga mlango wa kibanda na kusema, "Papa, punguza mwendo. Umefika Munigi." Mimi ambaye hurekodi mara saba nilirekodi mara moja. Sikujisikiliza. Niliogopa kusikia kama hofu inasikika.

Kadi aliichukua jana jioni. Leo ni siku yake ya kuteremka. Kwa kawaida saa tatu anakuwa ameshafika, ameegemeza chukudu kwenye jiwe, anaulizia simu yake.

Sasa ni saa nne na nusu. Simu yake iko hapa mezani, imejaa chaji.