Tulifungua kampuni Dubai tukiwa Kiplombe, na ajenti akataka jina la partner wangu liachwe nje

Wakuu, habari zenu kutoka Eldoret. Naona watu humu wanauliza kama Mkenya wa kawaida anaweza kusajili private company kwa hivi vituo vya fedha vya kimataifa. Sisi tulisajili. Nitaeleza vile ilienda, bila chumvi.

Naitwa Wafula, mtu wa computer. Kwetu ni upande wa Webuye lakini nimekaa hapa tangu college. Partner wangu ni Jerotich, alikuwa anakimbia marathon huko nje mpaka goti likakataa.

Pesa ya zile mbio ndiyo tulianzia nayo. Yeye anaandikia wazungu program za mazoezi, mimi nikatengeneza app ya kuwafikishia. Ofisi ni chumba kimoja Kiplombe, pembeni ya Eldoret, juu ya agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo.

Sasa akatokea investor. Kazi aliipenda, lakini akasema anataka kampuni mama iwe Dubai, kwa kituo chao cha fedha, halafu hiyo ndiyo imiliki ile yetu ya Eldoret. Kukitokea kesi, sheria za huko anazielewa. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa wale hawajui, si lazima uhamie huko. Unatafuta ajenti mwenye leseni, mnachagua jina, mnasema nani ana shea ngapi na nani ni director, mnatuma passport. Yote online.

Kilichotusumbua kwanza ni proof of address. Wanataka bili yenye jina lako na street. Kiplombe nani ana street? Na stima iko kwa jina la landlord! Hiyo tulisaidiwa na barua za benki.

Halafu ajenti akanipigia mimi peke yangu.

"Faili yako iko sawa," akasema. "Lakini pesa ya mwenzako imetoka nchi nyingi, zingine ni za kitambo. Wakaguzi wa Dubai watataka kujua kila shilingi ilitoka wapi, watamchelewesha. Tuandike wewe pekee kama mwenye shea, nyinyi mtamalizana baadaye."

Nikamwambia angoje. Nilimkuta Jerotich kwa hoteli ya chini akinywa chai, nikamweleza vile nimeambiwa.

"Wafula, kocha wangu alinishauri hivyo hivyo. Shamba nilinunua Moi's Bridge, akasema liandikwe jina lake kwa sababu mimi niko safari kila saa. Mpaka leo anavuna yeye." Akaniangalia. "Wewe unataka nini?"

"Nataka uandikwe."

"Basi mpigie nikiwa hapa."

Nikapiga, nikaweka loudspeaker, nikamwambia atuandike wote wawili. Ajenti hakufurahi.

Kutoka hapo ilikuwa kungoja. Jerotich alitafuta mikataba ya mbio za zamani, na waandalizi wengine walishafunga kazi. Mwezi ukaisha. Investor akaandika kwamba anaangalia kampuni nyingine. Siwadanganyi, usingizi ulikuwa mgumu.

Mwishowe tukaitwa video call na dada wa compliance, wale wakaguzi wa pesa. Akauliza kuhusu zawadi moja isiyo na karatasi yoyote. Jerotich akamtajia mji na mbio, akamwomba azitafute mtandaoni.

Yule dada akageukia screen nyingine. Baadaye akauliza, "Ni wewe huyo wa jezi ya njano?"

"Ni mimi. Hapo goti lilikuwa linauma tayari."

Aliangalia mpaka kwa finish line. Halafu akasema bado anataka affidavit (hati ya kiapo) ya wakili. Kazi ni kazi. Tukaenda kwa wakili mjini, tukatuma.

Kampuni ikasajiliwa, Jerotich akiwa na shea nyingi kuliko mimi, vile inafaa. Investor alikuwa ameshapunguza imani, akaweka nusu ya ile pesa aliahidi. Inatosha kuanza.

Tulienda Turbo kumwambia mama yake Jerotich. Mama akauliza, "Hiyo kampuni iko Dubai, na nyinyi mko wapi?"

"Kiplombe, Mama."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi," Jerotich akajibu. Mama akaitikia, akaenda kuchinja kuku.

Nilichojifunza: kusajili huko si uchawi, lakini weka wenye kampuni wote kwa karatasi siku ya kwanza, hata kama itachelewa.

Kama jina lako limewahi kuachwa nje, kwa kampuni ama kwa shamba, tuambie hapa ulifanya nini. Jerotich ako kando yangu anasoma, na hilo shamba bado analitaka.